Pete ya Majani Kwenye Njia ya Maporomoko

Kila asubuhi, kabla kengele ya shule ya misheni haijalia, Emérita alishuka bondeni na mtungi wake kuteka maji. Nyumba yao ilikuwa juu ya kilima kimoja cha Masisi, mahali ambapo ukungu huondoka shingo upande na ng'ombe hutoa moshi puani kwa baridi. Kushuka kulikuwa mchezo. Kupanda na mtungi uliojaa kulikuwa kazi, na Emérita, msichana wa miaka kumi na miwili, aliifanya bila kumwaga tone, maana hakupenda kuchekwa.

Katikati ya mpando palikuwa na jiwe pana la kupumzikia. Kando yake ulisimama mti mfupi, na kwenye matawi yake zilining'inia ngata, ile miviringo ya kutulizia mzigo kichwani, nyingine za majani, nyingine za magome ya mgomba, mpya na kuukuu. Ilikuwa desturi ya wanawake wa kilima kile. Ngata usiyoihitaji tena huitupi. Unaitundika pale, na yeyote apitaye na mzigo bila ngata anaichukua, anaiweka kichwani, anaendelea na safari yake. Hakuna anayeuliza ni ya nani. Emérita alikuwa amechukua ngata nyingi kwenye mti ule, na alikuwa ametundika nyingi zaidi.

Asubuhi moja alikuwa ameketi kwenye jiwe hilo aliposikia sauti kutoka ng'ambo ya bonde.

"Yuuuu-wee! Emérita!"

Alisimama wima, akageuka, akajibu kwa sauti yake nyembamba, "Yuuuu-wee! Niko hapa, Papa!"

Hivyo ndivyo watu wa milimani wanavyoitana. Anayeitwa kutoka mbali hajibu akitembea. Anasimama kwanza, anaielekea sauti, anajibu, kisha anasikiliza. Ukiendelea kutembea, miguu yako na upepo vitakula maneno, na neno lililoliwa haliwezi kukusaidia.

"Rudi mbio!" baba yake aliita. "Mama yako ameanguka kwenye pareto!"

Emérita aliuacha mtungi palepale.

Mukasine, mama yake, alikuwa amelazwa kwenye majani pembeni mwa shamba la pareto, maua meupe yamemkaa kwenye nywele. Alikuwa amefumbua macho na alikuwa anajaribu kuamka.

"Si kitu," alisema. "Nilikuwa natafuta jembe langu."

"Jembe uko nalo mkononi, Mama," Emérita alimwambia, akaanza kulia.

Kwenye dispensari, muganga Nestor alimpima kwa muda mrefu. Alimbonyeza mgongo, akamtazama macho yaliyokuwa ya njano, akamsikiliza kifua.

"Mama Emérita," alisema mwishowe, "dawa kidogo nitakupa. Ile dawa kubwa siko nayo hapa. Iko kupumzika. Na si kupumzika nyumbani, maana nyumbani utaliona jembe. Uende mbali. Ufanye vakansi, ile likizo."

Mukasine alicheka mpaka akakohoa. "Vakansi? Vakansi njo ya Wazungu na ya watoto wa masomo. Mimi nikienda vakansi, maharagi yatajipalilia?"

"Nitayapalilia mimi," alisema mume wake, Kanyamibwa, aliyekuwa amesimama mlangoni na kofia mkononi.

"Na bugali atasonga nani? Wewe? Watu watakuja kutazama!"

"Wakuje. Anayecheka, atakula."

Kisha Kanyamibwa akaacha mzaha. "Mama Emérita, umefanya kazi tangu siku ile nilipokuoa. Sijawahi kukuona umekaa. Nenda."

Mukasine alikuwa na rafiki mmoja mbali na jembe lake. Jina lake Pétronille. Zamani, walipokuwa wasichana, walisoma katekisimu pamoja kule misheni, wakalala mkeka mmoja, wakabatizwa siku moja. Baadaye Pétronille alirudi kwao Walikale, akaolewa na Léopold, mkulima na mwindaji. Kila mwaka alituma salamu kwa wenye kamyo, yale malori ya mizigo: mwambieni Mukasine nimemwekea mahali pa kulala. Kila mwaka Mukasine alijibu: mwambieni nitakuja. Wala hakwenda.

Safari hii alikwenda. Shule ilipofunga kwa likizo ndefu, yeye na Emérita walipanda kamyo ya mfanyabiashara aliyepeleka viazi Walikale na kurudi na mafuta ya mawese. Barabara iliteremka, ikazunguka, ikateremka tena. Baridi ilibaki nyuma. Vilima vilivyo wazi, ambavyo Emérita aliweza kuvihesabu kutoka mlangoni kwao, vilitoweka, na miti ikafunga barabara pande zote mbili kama ukuta.

"Huku watu wanaonanaje?" Emérita aliuliza.

"Wanakaribiana," mama yake alijibu.

Mama Pétronille aliwapokea kwa vigelegele. Alimshika Mukasine mabega, akamzungusha. "Umekonda kama mpini! Ngoja. Utaondoka hapa unapita mlangoni kwa ubavu."

Jioni ile waliketi mbele ya nyumba, wakala bugali na samaki wa mtoni. Papa Léopold, mtu mrefu mwenye sauti nzito kama ngoma, alisubiri wageni washibe, kisha akasema:

"Wageni wangu, kuna kitu kimoja. Msitu wetu unasema. Mukiona kitu kimefungwa kwa mkono wa muntu, jani ao kamba ao kijiti, musikiguse. Ni mwindaji anaongea na nyinyi. Na mukiona pete ya majani imening'inia juu ya njia, hiyo njia imefungwa, mbele kuna mutego. Pitieni njia nyingine. Hata mutoto wa hapa anajua. Mumesikia?"

"Tumesikia, Papa Léopold," Mukasine alijibu.

Emérita hakusikia. Françoise, binti wa nyumba ile, wa rika lake, alikuwa na kasuku wa kijivu mwenye mkia mwekundu. Wakati ule kasuku alikuwa anavuta upindo wa gauni la Emérita kwa mdomo wake na kusema, "Mama! Mama!" kwa sauti ya Pétronille kabisa.

"Na wewe, mutoto?" Papa Léopold aliuliza.

"Ndiyo, Papa," Emérita alisema bila kuinua macho.

Siku za kwanza, Mukasine hakujua kupumzika. Kulipokucha alitafuta jembe. Mama Pétronille alilificha chini ya kitanda. Mukasine akachukua ufagio, Pétronille akamnyang'anya. Akachukua mchi wa kutwanga sombe, majani ya muhogo, Pétronille akaukalia.

"Ulikuja vakansi ao ulikuja kuniibia kazi?" aliuliza. "Nenda kwa Mzee!"

Mzee hakuwa mtu. Yalikuwa maporomoko ya maji, mwendo mfupi kutoka kijijini. Watu waliyaita Mzee kwa sababu yalisema mchana na usiku bila kunyamaza na hakuna aliyethubutu kuyakatiza. Mto ulifika kwenye ukingo wa mwamba, ukajirusha chini, ukawa mweupe, na vumbi la maji likapanda mpaka kwenye majani ya juu. Chini yake palikuwa na dimbwi tulivu lenye mawe laini pembeni.

Hapo ndipo Mukasine alipojifunza kukaa. Siku ya kwanza alikaa kidogo akainuka. Siku iliyofuata alivua viatu. Baadaye akawa anakwenda kila siku baada ya chakula cha mchana, kanga begani, polepole kama mtu asiyedaiwa na yeyote. Alitia miguu majini, akatazama. Kima walikuja kumchungulia kutoka matawini, majike wamewakumbatia watoto vifuani. Ndege aitwaye hondohondo alipita juu, mabawa yake yakivuma kama mtu anayepepeta maharagi. Siku moja sokwe mkubwa alisimama ng'ambo ya mto, akamtazama Mukasine, Mukasine akamtazama, kisha kila mmoja akaendelea na mapumziko yake.

Emérita alikuwa pamoja naye siku alipomsikia akiimba. Hakuwahi kumsikia mama yake akiimba nje ya kanisa. Wimbo huu haukuwa wa kanisani. Mukasine aliutunga palepale, akiyaelekea maji:

*Mzee wa maji, wasema na nani?*
*Jembe langu nimelilaza nyumbani.*
*Nimeketi, sina kazi mkononi,*
*Miguu yangu inacheza majini.*

Emérita alimtazama mama yake. Mashavu yalikuwa yamejaa. Macho hayakuwa tena ya njano. Moyoni aliomba likizo isiishe, au angalau isikatizwe kabla ya mama yake kupona kabisa.

Njia ya kwenda kwa Mzee ilianzia kijijini, ikapita kwenye kijito ambako watu waliteka maji ya kunywa, na mbele kidogo ikagawanyika. Njia ya kushoto ilikuwa fupi na laini, ikipita karibu na mashamba ya muhogo. Ya kulia ilizunguka kwenye mawe. Mukasine siku zote alipita ya kushoto.

Lakini nguruwe mwitu nao waliipenda njia ya kushoto. Walishuka usiku na kufukua muhogo wa kijiji. Basi, asubuhi moja, wageni wakiwa bado wamelala, Papa Léopold na wenzake walimaliza kuchimba shimo katikati ya njia ile. Ndani walisimika miti iliyochongwa. Juu waliweka vijiti vyembamba, wakatandaza majani makavu, wakanyunyiza udongo, na ungepita hapo ukaapa kwamba ni njia ya kila siku. Kisha, mahali njia zinapogawanyika, Papa Léopold alisokota majani mabichi yakawa pete nene, akaifunga kwa kamba nyembamba ya msituni, akaitundika kwenye tawi juu ya njia ya kushoto. Akarudi nyumbani akiwa na amani. Kila mtu alijua pete ya majani. Hata wageni alikuwa amewaambia.

Mchana ule Emérita alikwenda kijitoni peke yake, maana Françoise alikuwa anatwanga sombe. Alijaza mtungi. Alipotaka kuuinua, ngata yake ya zamani ilifumuka, ikachukuliwa na maji. Akatazama huku na huku. Na pale mbele, kwenye njia panda, akaona ngata nzuri, nene, mbichi, imetundikwa kwenye tawi.

Moyo wake ulichangamka. "Kumbe hata huku wana desturi yetu!" alisema kwa sauti.

Akaruka, akaichomoa. Akaipiga kidogo kwa mkono ikae vizuri, akaiweka kichwani, akapandisha mtungi juu yake. Ngata ile ililingana na kichwa chake kana kwamba alipimiwa.

Njiani kurudi alikutana na mama yake, kanga begani.

"Unakwenda kwa Mzee, Mama?"

"Nakwenda kumsikiliza. Jana hakumaliza." Mukasine akaiangalia ngata chini ya mtungi. "Ngata nzuri. Nani amekutengenezea?"

"Nimeikuta imetundikwa."

"Watu wema hawa," alisema Mukasine, akapita, akiimba taratibu.

Nyumbani, Emérita alitua mtungi. Kwa kuwa hakuihitaji tena ngata, aliitundika kwenye ua, kama inavyotakiwa kwao. Françoise aliinua kichwa kutoka kwenye kinu. Mchi ulibaki juu, haukushuka.

"Emérita. Hiyo umeitoa wapi?"

"Kwenye njia panda. Kwa nini? Kwenu hamwachiani ngata?"

"Hiyo si ngata!" Françoise alitupa mchi. "Hiyo njo pete ya Papa! Leo asubuhi wamechimba shimo kwenye njia ya kushoto! Papa alikuambia siku ulipofika!"

Sasa ndipo Emérita alipokumbuka kasuku, na gauni, na "Ndiyo, Papa" yake. Hakujua alikuwa amekubali nini.

"Mama," alisema. "Mama amepita sasa hivi."

Françoise alishika pete, akamsukumia mkononi. "Kimbia ukairudishe, upesi, kabla muntu hajaona! Usimwambie Papa. Pete ya mwindaji haichezewi. Mwaka jana mgeni mmoja aligusa mutego wa watu, wakamfungasha akaenda zake kesho yake. Na nyinyi watawafukuza!"

Emérita alikimbia, pete ameificha chini ya kanga. Alipita mbele ya baraza, kibanda kisicho na kuta ambamo wanaume hukaa kutengeneza nyavu zao. Papa Léopold alikuwa humo na wenzake, wavu umetandazwa magotini mwao.

"Hee, mutoto wa milima!" aliita. "Mbio hizo za nini? Umeibiwa ng'ombe?"

Wanaume walicheka.

"Nakwenda kumwita Mama," alijibu bila kusimama.

Haukuwa uongo. Lakini haikuwa kweli yote. Alikimbia hatua chache zaidi. Nitaitundika pete, alijiambia, na hakuna atakayejua. Na kama Mama ameshapita? Nitamfuata. Utakanyaga wapi? Hujui shimo liko wapi. Anayejua ni mtu mmoja, naye umemwacha nyuma anacheka.

Alifikiria kufukuzwa. Alifikiria mama yake akipanda kamyo kabla ya kupona, akirudi kwenye jembe. Kisha akafikiria miti iliyochongwa.

Akageuka. Alirudi barazani, akasimama mbele ya wanaume wote, akaitoa pete.

"Papa Léopold, mimi niliitoa. Nilidhani ni ngata. Siku ile uliposema sikusikiliza. Mama yuko kwenye njia ya kushoto."

Hakuna aliyecheka. Papa Léopold hakuuliza swali hata moja. Aliurusha wavu, akaruka juu yake, akakimbia, na Emérita nyuma yake.

"Kanyaga pale ninapokanyaga!" alinguruma bila kugeuka.

Walifika kijitoni. Walifika njia panda. Kwenye udongo laini wa njia ya kushoto kulikuwa na nyayo, za viatu vya Mukasine, mpya, zikienda mbele. Papa Léopold alishika kichwa.

Wakaingia. Njia ilipinda kando ya muhogo, ikanyooka, na mbali mbele yao, kati ya miti, wakaona rangi ya kanga. Mukasine alikuwa anatembea polepole, kichwa juu, akitazama matawini. Mbele yake njia ilikuwa safi kabisa, imetandazwa majani makavu.

"Mama Emérita!" Papa Léopold aliita. "Simama!"

Mukasine hakusimama. Mzee alikuwa karibu, na ngurumo yake ilikuwa imejaa msitu mzima. Papa Léopold aliita tena kwa nguvu zake zote. Sauti yake nzito ilikuwa ya aina moja na sauti ya maji. Maji yaliimeza.

Wakati ule Emérita hakufikiri. Alifanya lile alilolifanya kila siku ya maisha yake. Aliweka viganja pande mbili za mdomo, akainua kidevu, akaitoa ile sauti nyembamba ya milimani, inayovuka mabonde na kupita juu ya upepo:

"Yuuuuuuu-wee!"

Mbele yao, kanga ilisimama.

Mukasine alisimama kama mtu wa Masisi anavyosimama. Mguu uliokuwa umeanza kwenda mbele aliurudisha, akauweka chini kando ya mwenzake. Aligeuka. Akaweka viganja mdomoni.

"Yuuuu-wee! Niko hapa!"

"Usitembee, Mama! Usitembee! Kaa hapo hapo!"

Papa Léopold alimfikia, akamshika mkono, akamvuta nyuma taratibu, kama anavyovutwa mtu aliye ukingoni. Kisha alikata tawi refu na kulisukuma mbele ya mahali Mukasine alipokuwa amesimama. Majani yalizama. Udongo ukafuata, vijiti vikavunjika, na pale palipokuwa njia pakawa na shimo jeusi lenye meno.

Mzee peke yake aliendelea na hotuba yake.

Mukasine alilitazama shimo. Alitazama miguu yake. Kisha akaketi chini palepale, na Emérita akaja akajitupa kifuani mwake, na walilia wote wawili, na baada ya kulia wakaanza kucheka, bila kujua wanachocheka. Ndivyo mwili unavyofanya hofu inapoutoka. Papa Léopold naye aliegemea mti, akajipangusa uso kwa kofia, akasema, "Wee Mungu wangu," mara nyingi.

"Nisamehe, Mama," Emérita alisema. "Ile ngata uliyoisifu njo ilikuwa pete."

"Na mimi nikaisifu!" alisema Mukasine, akishika kichwa. "Mimi niliyesikia kwa masikio yangu! Nilidhani pete ya mutego itakuwa kitu cha kutisha, kumbe iko nzuri hivi."

Jioni, jua likiwa bado juu ya miti, wanaume walikusanyika barazani. Emérita aliitwa. Alikwenda na mama yake. Françoise alisimama nyuma yao, kasuku begani. Emérita alijua kilichokuwa kinakuja. Kesho kamyo. Kesho kutwa jembe.

Papa Léopold alisimama. "Tangu babu zetu," alisema, "aliyeitoa pete ya mutego lazima asimame mbele ya wawindaji."

"Tutafukuzwa, Papa?" Emérita aliuliza.

"Nani alikuambia hivyo?"

Emérita hakumtaja mtu. Françoise alikohoa. "Mimi, Papa," alisema kwa sauti ndogo. "Nilimwambia aifiche. Nilisema kama yule mgeni wa mwaka jana."

"Ah, Françoise!" Papa Léopold alitikisa kichwa. "Yule mgeni hakufukuzwa kwa kugusa. Aligusa, tukamuuliza, akasema hajui kitu. Akaapa. Nasi tulimwona. Mtu kama huyo utamlazaje nyumbani, na msitu wote umejaa mashimo? Huyu aligeuka akarudi mwenyewe, akasema mbele ya watu wote. Huyu tunaweza kulala naye nyumba moja."

Akamwekea Emérita majani mabichi na kamba mikononi. "Desturi inasema, aliyeitoa pete ataisokota nyingine kwa mkono wake na kuitundika. Kuanzia leo na wewe unasema na watu wa njia ile. Sokota."

Emérita alisokota. Tangu utoto wake mikono yake ilikuwa imesokota ngata zisizo na hesabu, na pete ilitoka nene, mviringo, imekaza. Mwindaji mmoja mwenye mvi aliizungusha mkononi.

"Eh! Hii nzuri kuliko ya Léopold."

"Njo maana ya Léopold waliidhania ngata!" mwingine akasema, na baraza lote likacheka, Papa Léopold akicheka kuliko wote.

Kabla hawajaondoka, aliweka mkono juu ya kichwa cha Emérita. "Sikiliza sasa, na safari hii usitazame kasuku. Hukukosa kwa sababu unatoka milimani. Mimi nikija kwenu sitajua mti wenu wa ngata, na pengine nitaupita nikiwa na mzigo kichwani bila ngata. Kila nchi ina yake. Ulikosa uliposema 'ndiyo' kwa neno ambalo hukulisikia. Kama hukusikia, sema hukusikia. Muntu atakurudilia maneno. Na ukishakosa, usikimbie na kosa chini ya kanga. Mpelekee anayeweza kulitengeneza, mbio, hata kama anakutisha. Leo mama yako anatembea kwa sababu ulirudi barazani. Umesikia?"

Emérita alifikiri kwanza. Akayarudia maneno yote moyoni, kuhakikisha anayo.

"Nimesikia, Papa," alisema. "Lakini hapo pa mti wa ngata, ulisema utapita bila ngata? Nitakutengenezea."

Walikaa mpaka mwisho wa likizo. Mukasine aliendelea kwenda kwa Mzee, kwa njia ya mawe, na Emérita akitangulia. Kila walipopita njia panda, waliitazama pete. Kwenye jiwe lake Mukasine aliimba, akalala usingizi huku kima wakimwangalia. Shimo lilipofunikwa upya, nguruwe mwitu alipatikana humo, na kijiji kizima kikala. Siku ya kuondoka, Mama Pétronille alimpitisha rafiki yake mlangoni, akadai ni kweli alipita kwa ubavu.

Kamyo iliwashusha chini ya kilima chao, asubuhi yenye ukungu. Walianza kupanda. Walipofika kwenye jiwe la kupumzikia, Emérita alitoa ngata mpya ya majani ya msituni, akaitundika kwenye mti pamoja na nyingine. Msichana mdogo aliyekuwa anapumzika hapo na kibuyu aliitazama.

"Dada, naweza kuichukua?"

"Hapa unaweza," Emérita alimwambia. "Mahali pengine, uliza kwanza. Kama unavyoniuliza mimi."

Ndipo sauti ikaja kutoka juu, kutoka mlangoni kwao, sauti ya mwanamume aliyechoka kula bugali wake mwenyewe.

"Yuuuu-wee! Mama Emérita! Umepona?"

Mama na mtoto walisimama wima njiani. Waligeukia sauti, wakaweka viganja mdomoni, wakajibu pamoja.